Risasi Katika Kisima cha Fadhila

Ipo nchi inaitwa Shwarini. Msiitafute kwenye ramani, kwa kuwa ramani yake ilichapishwa mara moja tu, ikapigwa marufuku siku ya pili ilipogundulika kuwa inaonyesha mito inakotoka na inakokwenda. Ni nchi yenye utulivu mno. Hata upepo ukivuma kwa nguvu, redio hutangaza kuwa umeombwa radhi na wananchi waliousababisha.

Katika wilaya moja ya nchi hiyo, iitwayo Kibondeni, aliishi mwanamke jina lake Siwatu Kombo, mpima maji wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya visima, kuyatia kwenye chupa, kuyapeleka maabara, kisha kujaza fomu. Fomu zenyewe zilitoka makao makuu zikiwa zimeshachapwa neno "SAFI" mahali pa majibu, ili kumpunguzia mtumishi kazi. Siwatu alibakiwa na tarehe na sahihi. Alizijaza kwa miaka tisa, wala hakuona vibaya, maana maji ya Kibondeni siku zote yalikuwa matamu. Mashine yake ya kupimia aliifuta vumbi kila asubuhi, ijapokuwa maabara ilipata umeme Jumanne tu.

Jumatatu moja akaja dada yake, Chausiku, aliyekuwa akilima mchicha bondeni. Hakuketi. Alisimama mlangoni na kanga yake ikiwa na matope.

"Mdogo wangu, nimekuja kwa sababu ya Mize," alisema. "Mtoto ananipotea."

"Amekwenda wapi?"

"Hajakwenda popote. Yuko nyumbani, ananipotea hapo hapo."

Mize alikuwa na miaka tisa, na mwaka uliotangulia ndiye aliyekuwa akiwasomea watu wa bondeni barua zao. Sasa tumbo lilimsokota kila jioni, amepauka midomo, na wiki ile alikuwa amesahau jina la mwalimu wake. Mwalimu alisema ni uvivu. Lakini uvivu huo, alisema Chausiku, ulikuwa umewashika watoto kumi na mmoja, wote wa bondeni, wote wanaokunywa kisima kimoja.

Siwatu hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi ilikuwa Jumanne.

*

Kisima chenyewe kiliitwa Kisima cha Fadhila. Serikali iliwachimbia watu wa bondeni, ikaweka pampu ya mkono, na kwa shukrani walitakiwa wapige makofi matatu kabla ya kuchota. Siwatu akapiga makofi yake, akachota, akaenda kupima. Alipima mara tatu. Risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu, katika nchi ile haikutakiwa kuzidi kumi kwenye kipimo cha mashine yake. Mashine ilisema mia tatu na arobaini. Akaisafisha, akapima maji ya mvua ya nyumbani kwake. Mashine ikasema sifuri. Haikuwa na kosa mashine, ingawa aliiomba sana iwe nalo.

Juu ya bonde lile, kilimani, kilikuwapo Kiwanda cha Taifa cha Kufufua Betri. Betri kuukuu za magari zilivunjwa humo, risasi yake ikayeyushwa, na majivu yakamwagwa nyuma ya ukuta hadi yakawa kilima cha pili. Siwatu aliujua mwenendo wa risasi. Ni kitu kizito, kisichopenda safari. Ikiangukia udongo wa mfinyanzi huung'ang'ania kama kupe, ikakaa hapo vizazi na vizazi. Basi imefikaje bondeni?

Alitwaa jembe, akachimba vishimo kumi na viwili kutoka ukuta wa kiwanda hadi kisimani, na kila kishimo akakichukulia udongo wake. Jibu alilipata kidogo kidogo. Wafanyakazi walikuwa wakimwaga juu ya majivu yale maji makali ya betri, na ukali ule uliibandua risasi kutoka kwenye udongo, ukaikabidhi kwa mvua. Mvua ikazama nayo. Katikati ya mteremko, chini ya mfinyanzi mwekundu, Siwatu alikuta mkanda wa mchanga mweupe, unene wa kiganja, umelalia bondeni kama mfereji uliofichwa. Mfinyanzi hushika, mchanga hupitisha. Humo ndimo maji yalimotembea, gizani, bila haraka. Alikadiria kuwa yalichukua miaka saba kushuka mwendo ambao mtu mzima huutembea kwa dakika kumi. Maana yake ni kwamba sumu aliyokuwa akiinywa Mize ilimwagwa Mize akiwa na miaka miwili, na ile iliyomwagwa wiki hii ilikuwa bado njiani.

Udongo wa tuta la mchicha la dada yake aliupima wa mwisho, kwa kuwa aliuogopa. Huko risasi ilikuja kwa njia ya juu, ikichukuliwa na vumbi na matope ya mvua. Ilikuwamo.

Akachukua fomu, akalikata neno "SAFI" kwa rula, akaandika kwa mkono: "Kuna risasi katika Kisima cha Fadhila. Inatoka kiwandani. Watu wasinywe." Akatia sahihi, akaituma makao makuu jioni ile ile.

*

Serikali ya Shwarini huwa haichelewi. Asubuhi iliyofuata malori mawili ya askari yalikizingira kisima, na Meja Tindo, mtu mwenye sauti ya kupasua nazi, akawaamuru akina mama waliokuwa foleni walale chini.

"Risasi ziko wapi?" aliuliza. "Ni za bunduki gani? Nani kazificha?"

Siwatu alikuja mbio na chupa mkononi. "Afande, si risasi hizo. Ni risasi ya madini. Imeyeyuka majini, haionekani kwa macho."

Meja alimtazama kwa huruma. "Dada, nimepigana vita viwili. Risasi isiyoonekana ndiyo mbaya kuliko zote."

Askari wakashusha sumaku kisimani kwa kamba. Ikapanda na msumari mmoja, kijiko, na bangili iliyopotea mwaka juzi, ambayo mwenyewe aliitambua akiwa bado amelala kifudifudi.

"Risasi hainaswi na sumaku, afande," alisema Siwatu.

"Umesikia, sajini? Andika. Haikunaswa." Meja akanawa mikono kwa maji ya kisima, akanywa kiganja kimoja, akapanda lori. Siwatu alinyoosha mkono kumzuia, lakini alikuwa ameshameza.

Jioni redio ilitangaza kuwa vikosi vya ulinzi vimepekua Kisima cha Fadhila hadi chini na kuthibitisha kuwa hakina risasi hata moja, na kwamba Shwarini ingali nchi ya amani. Wananchi waliombwa kuendelea kunywa bila hofu. Nao wakanywa. Wangefanyaje? Kisima kingine kilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwenda peke yake.

*

Hata hivyo, neno lililoandikwa na mtumishi wa serikali haliwezi kuachwa likizurura. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Badi Mwinyikai, Waziri wa Utulivu, mtu mnene mpole ambaye kabla ya kusema hufumba macho kama anayeonja mchuzi. Siwatu aliitwa aeleze, akaeleza yote, tangu majivu hadi mkanda wa mchanga. Alipomaliza, wajumbe waliinamisha vichwa. Alidhani wameguswa.

"Nina swali la utaratibu," alisema mwakilishi wa Wizara ya Maji. "Sumu hii kwa sasa iko wapi? Ikiwa ardhini, sisi haituhusu."

"Nyingine imeshashikwa na udongo, nyingine imo majini, nyingine iko kwenye tope la kisimani," alijibu Siwatu.

"Ya majini imetoka ardhini," alisema wa Maji. "Mwenye mali ni Wizara ya Ardhi."

"Ikishatoka kwetu tumeaga," alisema wa Ardhi. "Na tope je? Tope ni ardhi au ni maji?"

Suala la tope lilichukua siku mbili. Mwishowe ikaonekana kuwa tope halina wizara, hivyo sumu iliyomo haiwezi kuandikiwa barua. Hapo Waziri akafungua macho.

"Binti," alimwambia Siwatu, "nimekusikiliza kwa makini. Umesema sumu imesafiri kutoka kata ya kilimani hadi kata ya bondeni. Je, ilikuwa na kibali cha kusafiri?"

"Mheshimiwa, sumu haiombi kibali. Haipiti juu ya mpaka, inapita chini yake."

"Ndiyo maana nchi zinaharibika," alisema Waziri kwa masikitiko. "Kila mtu anapita chini." Akaamuru kisimamishwe kizuizi.

Kizuizi kilikuwa bango kubwa la bati, limesimamishwa katikati ya mteremko kwa nguzo sita, limeandikwa: SUMU, MWISHO WA SAFARI NI HAPA. KWA AMRI. Siku ya uzinduzi ilipigwa bendi. Siwatu alifika wakati mafundi wanachimbia nguzo, akaona udongo mwekundu unatoka, kisha chini yake unatoka mchanga mweupe. Akapiga kelele.

"Jamani, acheni! Mnautoboa mfinyanzi! Huo ndio uliokuwa ukizuia!"

Bendi ilikuwa na tarumbeta nne. Hakuna aliyemsikia, ila fundi mmoja aliyeinua kichwa, akampungia mkono akidhani anashangilia.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji ya majivu yalishuka mteremko, yakakuta mashimo sita mapya, yakazama moja kwa moja kwenye mchanga. Kabla ya hapo yalikuwa yakijipenyeza kwenye mfinyanzi, na huko ndiko miaka mingi kati ya ile saba ilikoishia. Sasa yalikuwa na mlango. Mwezi haukuisha, kipimo cha kisima kikasoma mia nne na thelathini.

*

Bosi wake Siwatu, Bwana Ngowe, alikuwa mzee wa karibu kustaafu, mwenye upara na kikohozi cha adabu. Alimwita ofisini, akamwagizia chai, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Mwanangu, sisi hatutaki useme uongo," alisema. "Mungu apishe mbali. Kipimo chako tunakikubali. Mia nne na thelathini, sawa. Tatizo si kipimo, tatizo ni kiwango. Nani alisema kiwe kumi?"

"Madaktari, mzee."

"Madaktari wa watu wachache. Sasa taifa limekua." Akasukuma karatasi mezani. Ilisema kuwa kuanzia siku hiyo kiwango salama cha risasi majini ni mia tano. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mtaalamu. "Sheria inataka mpima maji wa wilaya. Ukitia sahihi, kisima kitakuwa salama saa hiyo hiyo. Fikiria, hakuna nchi iliyowahi kusafisha maji upesi namna hiyo. Na wewe utakuwa Naibu Mkurugenzi."

Siwatu aliitazama ile karatasi. Tuseme ukweli, hakukataa papo hapo. Alikuwa mtu wa ofisi, aliyezoea kutia sahihi, na kalamu ilikuwa nzuri. Alisema angeomba siku moja. Bwana Ngowe akakohoa, akampa.

Akashuka bondeni kwa dada yake. Huko alikuta nderemo za kutatanisha. Wizara ya Elimu, kwa kuona watoto wa Kibondeni wanafeli, nayo ilikuwa imefanya wajibu wake. Kiwango cha kufaulu kilishushwa, na mtoto yeyote aliyekumbuka jina lake mwenyewe alihesabiwa amefaulu. Hivyo kiwango kimoja kilikuwa kimepanda, kingine kimeshuka, na bonde limefanikiwa pande zote mbili.

Mize alikuwa ameketi kwenye mkeka na cheti kipya chenye nembo ya taifa. Alifurahi kumwona, akamkimbilia, akakaa magotini mwake kama zamani.

"Mama mdogo, nimepata zawadi."

"Nimeona. Hongera, mwanangu."

Mtoto akakigeuza cheti huku na huku. Akakiinamia karibu sana, kwa bidii, mpaka jasho likamtoka puani. Kisha akamnyooshea.

"Hapa wameandika nini?"

Kiliandikwa "PONGEZI", kwa herufi kubwa kuliko kidole gumba. Siwatu alimsomea. Mize akalirudia neno lile mara mbili, tatu, akitabasamu, na Chausiku akageuka akatazama ukutani.

"Yule aliyekuwa akisoma barua za watu," alisema Chausiku bila kugeuka. "Siwatu, mimi ndiye niliyemchotea maji yale. Kwa mikono yangu."

Siwatu alimshusha mtoto polepole, akaazima spana kwa jirani mwenye baiskeli, akaenda kisimani mchana kweupe. Watu walikuwa foleni. Hakupiga makofi. Alifungua boliti moja baada ya nyingine, akauchomoa mpini wa pampu, akautia begani, akawaambia, "Maji haya yanawaua watoto wenu. Ninayajua, nimeyapima. Asiyeniamini anichukie, lakini leo hachoti."

Walimchukia. Mzee mmoja alimtemea mate. Mama mmoja mjamzito alikaa chini na ndoo yake akalia kwa uchovu tu, maana saa mbili kwenda na saa mbili kurudi si mchezo. Siwatu alisimama hapo na mpini begani mpaka polisi walipokuja kumchukua, na maneno yale aliyotukanwa aliyakumbuka muda mrefu kuliko pingu.

*

Alishtakiwa kwa kuwanyima wananchi maji salama. Hakimu alikuwa Bibi Zawena Shomvi, mwanamke mkavu aliyevaa miwani miwili kwa zamu, asiyejulikana kupenda serikali wala wahalifu, anayependa vifungu vya sheria peke yake. Mahakama ilijaa akina mama wa bondeni, wengi wao wakitaka afungwe.

"Hati ya mashtaka inasema 'maji salama'," alisema Hakimu. "Neno 'salama' lithibitishwe."

Mwendesha mashtaka alitabasamu. "Mheshimiwa Hakimu, kwa kiwango kipya..."

"Kiwango kipya kimetiwa sahihi?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi ni kumi. Maji yapimwe. Mpima maji wa wilaya ni nani?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mshtakiwa.

Kesi ikaahirishwa hadi Jumanne. Mashine ililetwa mahakamani, na dumu la maji ya kisima likaandikwa kuwa kielelezo cha pili. Siwatu alifunguliwa pingu. Alitaka kufanya haraka yaishe, lakini alijilazimisha afanye kama inavyotakiwa, akaisuuza chupa mara tatu, akapima kwanza maji ya mvua, kisha ya dumu. Akasoma kwa sauti.

"Mia nne na thelathini na nane."

"Na inayoruhusiwa ni ngapi?"

"Kumi, Mheshimiwa."

Kalamu ya Hakimu ilisikika ikikwaruza. Katika nchi ya Shwarini, kinachoandikwa na hakimu hakifutwi hata na Rais, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuwa kingehitaji kufutwa. Nyuma, yule mama mjamzito alisimama. Alijishika tumbo kwa mikono yote miwili, akatoka nje, na wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka mabenchi yakabaki matupu.

Hukumu ilisomewa viti. Kwa shtaka la kwanza, mshtakiwa hana hatia, kwa kuwa maji hayakuwa salama na mtu hawezi kunyimwa kisichokuwapo. Lakini ikadhihirika kuwa mshtakiwa alifukuzwa kazi siku aliyokamatwa, hivyo alipopima maji mbele ya mahakama alikuwa akipima bila kibali.

"Nilipima kwa amri yako, Mheshimiwa," alisema Siwatu.

Hakimu alibadilisha miwani. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu wa kawaida aliyechoka. "Naijua amri yangu," alisema. "Sheria haina kifungu chake." Akampa miezi sita.

*

Katika mwezi wa pili Chausiku alikuja kumtembelea gerezani. Walikaa wakitazamana kwenye benchi, askari wa kike akiwasimamia.

"Tumekijaza mawe kisima," alisema Chausiku. "Siku ile ile ya mahakama. Sasa tunakinga mvua, na kiangazi tutatembea. Wametushtaki wanawake ishirini na sita, na kila mmoja amesema neno moja: maji yapimwe. Sasa wanahangaika hawana mpimaji."

Siwatu alicheka kidogo, kisha akauliza alichokuwa akikiogopa. "Mize?"

Chausiku alikunja kanga yake, akaikunjua. "Tumempeleka kwa daktari, mbali. Kasema iliyomo kwenye damu itapungua asipokunywa tena. Tumbo limetulia. Juzi amenihesabia mafiga, yote matatu." Akaikunja tena kanga. "Lakini kilichokwisha kupotea, daktari hakuahidi. Kasema tushukuru mdogo wake hajaanza kunywa. Nimeshukuru, Siwatu. Nashukuru kila siku, na kila siku naumia."

"Na kiwanda?"

"Kinafanya kazi. Kimeongeza zamu."

Muda ulikwisha. Siwatu alirudishwa bwenini wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa wafungwa thelathini na wawili humo. Yule askari wa kike, Koplo Mosi, akaja na ndoo, akamchotea kikombe, lakini badala ya kumpa akabaki amekishika.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "na haya ya kwetu? Mimi nina mtoto ananyonya, tunakaa kota za hapa hapa."

"Mnayatoa wapi?"

"Kuna kisima nyuma ya jiko. Upande wa mto."

"Mto huo unatoka wapi?"

Koplo alitaka kujibu, akashindwa. Kama watu wote wa Shwarini, hakuwahi kuona ramani. Akanyoosha mkono tu, taratibu, kuelekea dirishani, kuelekea vilimani.

Siwatu akakipokea kikombe. Maji yalikuwa meupe, yamepoa, na yeye alikuwa na kiu tangu asubuhi. Alipoinua macho aliona bweni zima limeacha kula. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wameshika vikombe vyao mbele ya midomo, hawajanywa, wanamtazama yeye.